P0171: Kompyuta ya gari inapolalamika kuwa hewa imezidi

Taa ya njano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi. Gari limefikishwa gereji, mashine ya kusoma kompyuta imechomekwa, na skrini imetoa msimbo mmoja wa hitilafu: P0171. Mwenye gari anapiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wenye Toyota IST au Vitz wenzake, na muda si mrefu ana majibu yasiyofanana. Badilisha sensa ya oksijeni. Osha nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini. Ni mafuta machafu, hama kituo. Chomoa betri, taa itazima. Pampu imechoka. Usihangaike, hata langu linawaka hivyo hivyo na ninatembea nalo.

Baadhi ya majibu hayo yanaweza kuwa sahihi kwa gari fulani. Ubaya wake ni kwamba hakuna hata moja lililotokana na kipimo, na anayeyafuata moja baada ya jingine anaweza kununua sensa, nozeli na pampu kabla hajaugundua mpira wa bei ndogo uliopasuka nyuma ya injini. Msimbo huu hautaji spea iliyokufa. Ni malalamiko ya kompyuta kwamba kwa muda sasa inalazimika kuongeza petroli kupita hesabu yake, na imefika ukomo wa kuongeza. Kazi ya fundi ni kutafuta sababu: kuna hewa inayoingia bila kuhesabiwa, kuna petroli isiyofika, au kompyuta inapewa taarifa za uongo.

Mwepesi na mzito

Petroli haiungui peke yake. Ili petroli yote iungue na oksijeni yote itumike, kila kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo inataka karibu kilo 11 za hewa. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, kilo hizo ni zaidi ya lita 9,000 za hewa. Ukiwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito na lita zinazohitajika zinapita 11,000. Ukivuta picha ya hewa nyingi kiasi hicho ikipita kwenye injini kwa ajili ya lita moja tu, utaelewa kwa nini kosa dogo la kuihesabu linatosha kuvuruga kila kitu.

Hewa ikizidi kipimo, mchanganyiko unaitwa mwepesi. Petroli ikizidi, unaitwa mzito. P0171 ni wepesi katika upande wa kwanza wa injini, ule wenye silinda namba moja. Magari mengi tunayoendesha yana silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kwa hiyo yana upande mmoja tu. Injini ya V6 ina pande mbili, na upande wa pili ukilalamika msimbo wake ni P0174. Ikija yote miwili kwa pamoja, tafuta kitu kinachohudumia pande zote, kama sensa ya hewa au pampu, usianze kuhangaika na nozeli za upande mmoja.

Kompyuta inajuaje? Kwenye njia ya hewa, baada tu ya kisafisha hewa, kuna sensa inayopima uzito wa hewa inayopita. Kwa kipimo hicho kompyuta inaamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Kisha kwenye bomba la ekzosi kuna sensa ya oksijeni, inayoangalia kilichobaki baada ya moto. Sensa ya aina hii ilianza kutumika kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, ikiwa imetengenezwa na Bosch, na kanuni yake haijabadilika sana: oksijeni nyingi kwenye moshi maana yake petroli haikutosha. Kompyuta ikipata taarifa hiyo inaongeza petroli kidogo, inasikiliza tena, inapunguza, inasikiliza tena, bila kupumzika.

Marekebisho hayo huandikwa kwa asilimia. Kwenye skrini ya mashine utaona STFT, marekebisho ya papo hapo, na LTFT, marekebisho ambayo kompyuta imeyazoea baada ya siku nyingi. Ukijumlisha namba hizo mbili unapata hali halisi. Sifuri ni gari lisilohitaji kusahihishwa. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 huwa si jambo la kutia hofu. Ikivuka kujumlisha 10, kuna kitu kinaanza. Ikikaribia 25, watengenezaji wengi wameipanga kompyuta iwashe taa.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo mashine haikuandikii, nalo linawachanganya wengi: siku taa inapowaka, injini mara nyingi bado inachoma mchanganyiko ulio karibu na sahihi, kwa sababu kompyuta imekuwa ikiufidia. Taa inakwambia akiba ya kufidia inaisha. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri kabisa huku taa ikiwaka, mwenye gari akashawishika kwamba ni taa tu, hadi siku moja liamke asubuhi linatetemeka, linazima kwenye mataa, linachelewa kuitikia ukikanyaga.

Abiria wa dirishani

Sababu ninayoikuta ikisahaulika zaidi ndiyo iliyo rahisi zaidi: hewa inayoingia baada ya sensa ya hewa. Mafundi husema gari linavuta hewa. Fikiria konda wa daladala anayehesabu abiria mlangoni wakati wengine wanarukia madirishani. Hesabu yake ni ya kweli, lakini ndani ya gari kuna watu zaidi. Sensa ya hewa ndiyo konda huyo. Imepima gramu 2 kwa sekunde na kutoa taarifa ya gramu 2, lakini kuna nusu gramu nyingine imepenya kwenye mpira uliopasuka. Ukibadilisha sensa hapo umemfukuza konda na kuacha madirisha wazi.

Mfano huu wa namba ndio unaotuonyesha namna ya kupima. Injini ya lita 1.5 ikiunguruma bila kukanyagwa inavuta karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Nusu gramu ya wizi juu ya gramu 2 ni asilimia 25, na kompyuta italazimika kuongeza petroli kwa kiasi hichohicho. Sasa kanyaga taratibu ufike mizunguko 2,500 kwa dakika. Injini inavuta, tuseme, gramu 10. Tundu ni lilelile, na nusu gramu juu ya 10 ni asilimia 5 tu. Ukiona marekebisho ni makubwa gari likiwa limetulia, kisha yanashuka sana ukikanyaga, tafuta hewa ya wizi. Ukiona kinyume chake, yaani gari liko sawa likitulia lakini namba zinapanda ukikanyaga au ukipanda mlima, tafuta petroli isiyofika, au sensa ya hewa iliyochafuka. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, hakifungui hata bolti moja, na fundi anayekiruka anacheza bahati nasibu kwa pesa za mteja.

Hewa inapenya wapi? Anza na mpira mkubwa unaotoka kisafisha hewa kwenda kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga. Upinde na uangalie kwenye mikunjo yake, maana nyufa hujificha humo na hufunguka injini inapotikisika. Kisha mipira midogo, hasa ule wa kupumulia moshi wa oili kutoka kwenye tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Kisha gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa, yaani mabomba yanayoigawia kila silinda hewa yake, na oringi za nozeli. Busta ya breki, inayotumia mvuto wa injini kulainisha pedeli, nayo isisahaulike: ukikanyaga breki gari limesimama na mlio wa injini ukabadilika, au ukasikia mluzi chini ya miguu, hapo pana kesi. Vipo pia vitu ambavyo havidhaniwi kabisa. Kifuniko cha oili kisichofungwa vizuri, au kijiti cha kupimia oili kisichozama hadi mwisho, huingiza hewa ndani ya injini, nayo hufika kwenye silinda kwa njia ya mpira wa kupumulia. Angalia hivyo viwili kabla ya kumpigia fundi simu.

Umri wa mpira unahesabika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada magari makuukuu, lakini hata gari la miaka 8 lililofika bandarini likakaa hapa miaka mingine 10 lina mipira ya miaka 18. Joto la chini ya boneti huikausha, na oili inayovuja huilainisha. Usishangae kukuta mpira unaomeguka mkononi kama mkate mkavu.

Njia bora ya kuona tundu ni mashine ya moshi: moshi mwepesi unasukumwa ndani ya njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, na unapotokea ndipo palipo na tundu. Gereji zinazoimiliki si nyingi, kwa hiyo mafundi wengi hupulizia dawa ya kuoshea kabureta kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma, wakisikiliza mlio ubadilike. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka moto, na ekzosi ya moto iko pembeni. Puliza kidogo kidogo, mbali na ekzosi na waya za koili, na kizimamoto kiwe jirani. Maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia nayo husaidia kwenye gasketi: tundu likiziba kwa muda kwa tone la maji, mlio wa injini utakwambia.

Angalizo moja kwa wenye Honda za zamani na magari mengine yasiyopima uzito wa hewa bali mgandamizo wake ndani ya manifoldi. Kwa hayo, hewa ya wizi hupandisha mgandamizo, kompyuta huiona na kuipa petroli yake. Dalili utakayoiona zaidi ni injini kukimbia juu bila kukanyagwa, wala si msimbo huu.

Sensa ya hewa na vumbi letu

Sensa ya hewa ina waya mwembamba unaopashwa moto; hewa ikipita inaupoza, na kiasi cha umeme kinachohitajika kuurudishia joto ndicho kipimo. Waya ukivaa vumbi na ukungu wa oili, haupozwi ipasavyo, na sensa inatoa hesabu pungufu. Barabara za vumbi zinachangia, lakini kinachochangia zaidi ni namna tunavyotunza kisafisha hewa. Kupuliza kisafisha hewa cha karatasi kwa kompresa kila wiki kunakitoboa vitundu usivyoviona kwa macho, na kuanzia siku hiyo mchanga mwembamba unapita moja kwa moja. Kipya kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na sensa.

Kuisafisha ni kazi ya nyumbani ukitumia dawa yake maalumu. Usiiguse waya kwa kidole wala pamba, usiipulize kwa kompresa, na usitumie dawa ya kabureta, inayoweza kuharibu plastiki na gundi iliyomo. Puliza, iache ikauke yenyewe, rudishia, pima tena namba.

Petroli isiyofika

Hapa dalili kuu ni gari kupoteza nguvu likibebeshwa. Linatembea vizuri mjini, lakini likiwa na watu saba na mizigo kwenye mlima Kitonga linakohoa na kuishiwa pumzi. Chukua geji ya presha. Kwa injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, Probox na Vitz za lita 1.5, Toyota imeweka kipimo cha kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Presha ikiwa chini, au ikianza vizuri na kushuka ukikanyaga, chanzo ni pampu iliyochoka, kichujio kilichoziba au umeme pungufu kwenye pampu. Pima umeme kabla ya kununua pampu. Kutu kwenye waya, au pale waya wa ardhi (ethi) unapofungwa kwenye bodi, huidhoofisha hata pampu iliyo nzima kabisa.

Tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwa imewaka kila siku ina mchango wake. Pampu nyingi hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi tupu, pampu ya moto.

Presha ikiwa sahihi na hewa ya wizi haipo, ndipo nozeli zinastahili kushukiwa. Zitolewe, zipimwe kwenye mashine ujazo wa kila moja, zisafishwe, zipimwe tena. Kumimina chupa ya dawa kwenye tangi na kungoja muujiza si kipimo. Kuhusu mafuta machafu, yapo: maji kwenye petroli yanaweza kuifanya injini imisi, yaani silinda iruke moto, na kuleta hata msimbo huu, na uchakachuaji kwa mafuta ya taa ndio uliosababisha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanzisha uwekaji vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010 na Kenya kupandisha tozo ya mafuta ya taa mwaka 2018. Lakini mafuta mabaya huja ghafla baada ya kujaza na huondoka na tangi hilo. Tatizo lililokua taratibu kwa miezi halitokani na kituo cha mafuta.

Taarifa za uongo

Sensa ya oksijeni haioni petroli, inaona oksijeni. Chochote kinacholeta oksijeni kwenye ekzosi kitaonekana kama wepesi. Silinda moja ikimisi kwa sababu ya koili au plagi, hewa yake haikutumika na inatoka jinsi ilivyoingia, na sensa inapiga kelele kwamba petroli haitoshi. Kwa hiyo ikiwa P0171 imekuja pamoja na misimbo ya kumisi, P0300 au P0301 hadi P0304, malizana na kumisi kwanza.

Jambo la pili linatuhusu sana, nalo ni masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi. Bei ya madini yaliyomo imefanya yang'olewe kwenye magari mengi, wakati mwingine bila mwenye gari kujua, kisha bomba linaungwa kwa kuchomelea. Kiungo hicho kikiacha ufa karibu na sensa ya oksijeni, huvuta hewa ya nje kila moshi unapopita kwa mapigo. Sensa inaona oksijeni, kompyuta inaongeza petroli, na gari ambalo halikuwa na shida linaanza kuchoma mchanganyiko mzito: linakula mafuta, linanuka, plagi zinakuwa nyeusi, huku msimbo ukisema wepesi. Plagi nyeusi pamoja na P0171 ni ishara nzuri ya kwenda kukagua ekzosi. Sikiliza mlio wa tik-tik injini ikiwa ya baridi na utafute masizi kwenye maungio.

Na sensa yenyewe? Inaweza kufa, lakini ihukumiwe kwa kupimwa. Sensa ya aina ya zamani inatoa umeme wa kati ya volti 0.1 na 0.9. Injini ikiwa ya moto, ongeza mchanganyiko kwa kupulizia dawa kidogo kwenye njia ya hewa: inapaswa kuruka hadi karibu 0.8 mara moja. Chomoa mpira mdogo wa hewa: inapaswa kuanguka chini ya 0.2. Ikifanya hivyo, ni nzima na ilikuwa ikisema kweli. Kuibadilisha ni kumwadhibu shahidi. Magari mapya zaidi yana sensa ya aina nyingine isiyopimika kwa multimita ya kawaida, hivyo tegemea mashine. Ukinunua kifaa chako cha Bluetooth cha kusomea misimbo, kumbuka kwamba baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani hayaelewani na vifaa vya bei rahisi hata kama soketi inaingia.

Lakini si inapunguza matumizi ya mafuta?

Wapo wanaofurahia wepesi wakiamini gari linakunywa kidogo. Hoja hii ina mzizi wa kweli. Mitsubishi walitoa injini ya GDI mwaka 1996, iliyobuniwa kuchoma mchanganyiko mwepesi sana gari likitembea taratibu, na Toyota walikuwa na D-4 ya aina hiyo. Hizo zilichongewa pistoni na kupewa nozeli za kazi hiyo. Injini ya kawaida ikilazimishwa wepesi, moto unasambaa polepole, inamisi, na dereva anakanyaga zaidi kupata nguvu ileile.

Hatari iko mlimani. Injini inapobeba mzigo mzito inahitaji mchanganyiko mzito kidogo, hewa kama kilo 12.5 hadi 13 kwa kilo ya petroli, ili petroli ya ziada ipoze chumba cha moto. Pampu ikiwa haifikishi, joto linapanda, injini inagonga, na kinachofuata ni vali zilizoungua au pistoni iliyotoboka. Ukisikia mlio wa kugonga unapopanda, punguza gia na mzigo wa mguu, na usilisukume hivyo hadi ufike.

Kwenye kabureta mambo ni makali zaidi, kwa kuwa hakuna kompyuta ya kufidia. Pikipiki au gari la kabureta lililorekebishwa Nairobi kwa hewa yake nyepesi, likishuka Mombasa linapata hewa nzito kwa petroli ileile, na linakuwa jepesi bila mtu kugusa skrubu. Anayekaza skrubu ili kubana matumizi analiongezea. Huko rangi ya plagi ni mwongozo mzuri: kahawia hafifu ni afya, nyeupe kama chokaa ni wepesi.

Baada ya ukarabati

Kufuta msimbo kabla ya kutengeneza ni kupoteza ushahidi. Kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, joto la injini, mzigo, marekebisho. Fundi aisome na kuiandika kwanza. Kuchomoa betri kunaifuta pia, pamoja na namba zote ambazo kompyuta imejifunza, na taa itarudi baada ya siku chache ikiwa tundu bado liko palepale.

Chanzo kikishapatikana na kurekebishwa, futa, kisha endesha mchanganyiko wa mjini na barabara kuu, injini ikiwa imepata joto. Muombe fundi akuonyeshe STFT na LTFT gari likiwa limetulia na likiwa kwenye mizunguko 2,500, uziweke pamoja na zile za kabla ya kazi. Zikiwa zimerudi ndani ya 5 au 10 katika hali zote mbili, lipa. Zikiwa zimeshuka lakini bado ziko 15, kuna tundu la pili, na kwenye gari lenye mipira ya umri mmoja hilo ni la kutegemewa. Kagua mipira iliyobaki siku hiyohiyo, gari likiwa bado limefunguliwa.